Mnara wa plastiki wa mboga na viungo: miezi 8 kibarazani kwangu Tabata, nilichovuna na kilichonishinda

Nianze na kitu ambacho ningefurahi sana kama mtu angeniambia kabla sijatoa hela. Mnara mzima, ule wenye vyungu 5 vinavyokaa kimoja juu ya kingine, mashimo 20, unaonifika kiunoni ukisimama, unabeba lita 14 za udongo basi. Nimepima mwenyewe kwa jagi la lita moja siku nilipokua nabadilisha udongo. Sasa chukua lile dumu la njano la mafuta ya kula la lita 20, mama lishe wa hapa mtaani ananiuzia 3,000 likiisha, ukilikata ubavuni ukalilaza linabeba lita 16 mpaka 17. Yaani mnara nilionunua 85,000 una udongo kidogo kuliko dumu la 3,000, na ule udongo kidogo unatakiwa ulishe mimea 20. Lita 14 gawa kwa 20, kila mmea unapata mililita 700 za udongo. Karibu kila kitu nitakachosema hapa chini kuhusu mavuno kinatokana na hiyo namba.

Mazingira yangu sasa, maana bustani ya kwenye vyombo inategemea sana unakaa wapi. Tunaishi Tabata, Dar, nyumba ya kupanga ghorofa ya pili, kibaraza kina urefu wa hatua 5 na upana ambao watu wawili hawapishani vizuri. Kinaangalia mashariki kwahiyo jua linaingia toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka kama saa saba mchana, baada ya hapo ni kivuli. Hayo ni masaa 6 na kitu, mboga za majani na viungo vinaridhika hata na masaa 4, nyanya na pilipili ndo zinataka 6 na kuendelea. Kama kibaraza chako jua linapita masaa 2 tu basi mnara huu usiusogelee kabisa, utapata vijiti vyembamba vinavyoinama kutafuta mwanga.

Kilichonifanya nitafute bustani ni kotmiri. Kwangu haikatiki, kwenye kachumbari, kwenye mchuzi wa samaki, juu ya pilau, na sokoni fungu ni 500, natumia vijiti vinne vitano lililobaki kesho kutwa limeshageuka uji kwenye friji. Nilikua nanunua kama mara 3 kwa wiki na nusu yake natupa. Ilikua inaniuma. Ndo mwezi wa sita mwaka jana nikauona huo mnara Instagram, picha nzuri, umejaa majani kijani kuanzia juu mpaka chini na matone ya maji, nikasema huu hapa.

Duka sitalitaja jina. Seti ilikua vyungu 5, sahani ya chini ya kupokea maji, mifuko 3 ya udongo na pakiti 6 za mbegu, 85,000, pamoja na boda 5,000 mpaka mlangoni. Plastiki yenyewe ni nzuri, hapo nisiwe mchoyo wa sifa, ni nene, haijapauka mpaka leo pamoja na jua la kila siku na vyungu vinashikana vizuri. Chungu kimoja kilifika kimepasuka mdomo. Kabla sijalipa kaka muuzaji alikua anajibu meseji ndani ya dakika mbili, baada ya kulipa nikapiga simu mara nne na chungu cha kubadilisha kikaja siku ya tisa. Kilikuja lakini, na hakunidai nauli ya boda.

Udongo waliouleta ndo ulinirudisha nyuma mwezi mzima. Ukiushika ni mwepesi, unavutia, harufu ya mbao, kumbe zaidi ya nusu ni maranda mabichi ya seremala yamechanganywa na udongo mwekundu. Maranda ambayo hayajaoza yana tabia moja, vile vijidudu vinavyoyaozesha vinatumia naitrojeni iliyopo kwenye udongo, mmea unabaki na njaa. Miche yangu ya mchicha na sukuma ilitoka vizuri, ikafika majani mawili, ikasimama hapo hapo ikawa ya njano wiki tatu nzima, mie nazidisha maji nikidhani ni kiu. Mbegu nazo zilikua kwenye vifuko vya plastiki bila jina la aina, bila tarehe, bila chochote. Kotmiri yao katika mashimo 8 ilitoka kwenye mawili. Tangu hapo mbegu nanunua duka la pembejeo tu, pakiti iliyofungwa kiwandani, yenye jina la aina na tarehe na lebo ya TOSCI, ile taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu ya pale Morogoro. Isipokua kotmiri, hiyo nitakuambia nilikoitoa.

Mwezi wa saba nikamwaga kila kitu (ndo hapo nikapima kwa jagi) nikachanganya wangu: sehemu mbili udongo mweusi wa juu, sehemu moja samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka hainuki tena, sehemu moja makapi ya mpunga na usumba wa nazi nilioukatakata. Usumba unashika maji, makapi yanafanya udongo usigande kama tofali. Samadi ya kuku usiweke mbichi hata kidogo, niliweka kwenye dumu moja la sukuma na ndani ya siku tano kingo za majani zikawa kahawia kama zimepitiwa na moto, ile ni kali sana inatakiwa ikae miezi ndo itumike.

Maji sasa. Maelezo ya dukani yanasema unamwagia juu tu yanashuka yenyewe mpaka chini. Yanashuka ni kweli, ila hayashuki sawa. Chungu cha juu kabisa kinakauka saa nne asubuhi, na cha chini kimelowa mpaka kesho yake. Nikapoteza rozmari iliyokua chini, mizizi ikaoza, huku vitunguu majani vya juu vimesinyaa, kwenye mnara mmoja siku moja. Nilichofanya ni kupachika bomba la plastiki katikati, lile jembamba la maji la nusu inchi, nimelitoboa matundu kwa msumari wa moto, matundu mengi juu na machache chini, namwaga maji humo ndani polepole. Kipindi cha kipupwe ilikua lita 2 asubuhi inatosha, ilipoingia kaskazi na lile joto la mwezi wa kumi na mbili ikawa lita 2 asubuhi na 2 jioni na bado ukisahau siku moja unaiona. Udongo kidogo ndo hivo, hauna akiba.

Na upepo. Mwezi huo huo wa saba kusi ilivuma usiku nikasikia kishindo, mnara umelala kifudifudi, mrehani umekatika, udongo umeenda mpaka kwa jirani wa chini. Nilishuka kuomba radhi na ufagio mkononi. Huo mnara ni mwembamba chini na mrefu juu, na majani yakishakua yanashika upepo kama tanga, kwahiyo kama unakaa ghorofani ufunge na kamba kwenye nondo za kibaraza siku hiyo hiyo unayousimamisha. Maelezo ya dukani hayasemi hilo na yangetakiwa kusema, maana kikimwangukia mtoto ni kitu kingine kabisa.

Baada ya hapo nikaanza kuuelewa. Ukishajua kwamba juu ni pakavu na chini ni tope unaacha kupanda ovyo. Juu kabisa sasa ipo rozmari mpya, haipendi miguu yake ilowe. Cha pili vitunguu majani. Cha tatu mrehani. Cha nne kotmiri. Cha chini nanaa peke yake, yenyewe inapenda maji na ina tabia ya kutambaa na kumeza wenzake kwahiyo iache na chungu chake. Kwa mpangilio huo mnara umekua mzuri sana, nasema kwa moyo mmoja, asubuhi nikifungua mlango wa kibaraza harufu inaingia mpaka sebuleni.

Kotmiri mbegu zake nilitoa jikoni. Ile giligilani kavu ya pilau, kama haijakaangwa na sio ya zamani sana, inaota. Ila usiifukie ilivo, maana kile kipunje cha duara ndani yake zipo mbegu mbili, unakiviringisha taratibu chini ya chupa mpaka kipasuke nusu kwa nusu, unaloweka usiku kucha, kesho unapanda. Ilichukua siku 9 kutoka na wiki ya sita nikaanza kuchuma. Kutoka kwenye mashimo mawili yaliyoota kwa mbegu zao mpaka kuona mashimo yote manne ya chungu yamefunga majani, nilifurahi jamani.

Nije kwenye kuvuna kwenyewe maana hapa ndo nilikua nimekosea kuliko pote na wala sio kosa la mnara. Mwezi wa nane mama mkwe alikuja kututembelea, yeye ni wa Lushoto, amelima mboga maisha yake yote kwenye zile ngazi za mlimani. Asubuhi ya kwanza akanikuta kibarazani nachuma mchicha wa kwenye dumu, nang'oa na mizizi yake kama ninavyouona ukiuzwa sokoni. Akasimama mlangoni.

"Mama Salma, unahama?"

Nikamwambia hapana mama, nachuma ya mchana.

"Basi mbona unafunga shamba? Lete kisu."

Akanionyesha. Mchicha unahesabu vifundo kutoka chini, unaacha viwili au vitatu, unakata juu yake. Kila kifundo ulichoacha kinatoa tawi, kwahiyo shina moja linarudi matawi mawili matatu na baada ya siku 10 mpaka 14 unakata tena. Kung'oa ni kwa yule mwenye shamba kubwa anayetaka kupanda kitu kingine, mwenye dumu moja aking'oa amebaki na udongo mtupu wa wiki nne. Toka siku hiyo dumu moja nalikata mara nne ndo naling'oa, kwenye mkato wa tano majani yanakua madogo na magumu na maua yanaanza.

Sukuma hatukati kabisa, tunavunja. Unaanza na jani la chini, unashika kikonyo karibu na shina unalivuta kuelekea chini linaachia lenyewe, usiache kisiki cha kikonyo maana kinaoza na kualika wadudu. Pale juu unaacha majani matano ya katikati hata kama una wageni. Nilikua nachuma yale laini ya juu kwa sababu yanapendeza, na kumbe pale ndo kiwanda kilipo.

Matembele ni kukata ncha, urefu wa kiganja kimoja, na ukikata ncha moja ubavuni zinatoka mbili. Vitunguu majani unakata kwa mkasi ukiacha kama sentimita 3 juu ya udongo, vinarudi ndani ya wiki mbili, usivute. Kotmiri unaanza na vijiti vya nje, vile vya katikati ambavyo bado vimejikunja unaviacha, na usichukue zaidi ya theluthi moja kwa siku moja. Nanaa kata shina zima mpaka karibu na chini, haina neno, inarudi kwa fujo. Mrehani ndo wenye siri yake: kata juu kidogo ya jozi ya majani, pale kwenye kwapa la hayo majani yanatoka matawi mawili, na ukiona kichwa cha maua kinaanza kitoe siku hiyo hiyo, ukiuachia utoe maua unahamishia nguvu kwenye mbegu na majani yanakua machungu. Ule mmoja nilioukata hivo umekua kichaka cha kujaa mikononi, mwenzake niliouacha ukue kwa raha zake ni mti mrefu wenye majani sita.

Muda pia una mchango wake. Nachuma kabla ya saa moja asubuhi, jani limeshiba maji ya usiku, linakatika kwa mlio. Ukichuma saa nane mchana linafika jikoni limeshalegea. Sioshi mpaka naenda kupika, majani yaliyooshwa yakawekwa kwenye friji na maji yake yanaoza haraka. Mchicha naufunga kwenye kipande cha kanga kuukuu kilicholowa kidogo, unakaa siku tatu. Kotmiri kama imezidi naiweka kwenye glasi ya maji kama maua, nafunika na mfuko juu, friji, wiki nzima. Mrehani usiweke kwenye friji, baridi inaufanya mweusi, weka kwenye glasi ya maji mezani tu.

Sasa vitu vilivyoshindikana kwenye mnara. Picha yao ina nyanya. Nilipanda nyanya mashimo manne, zikatoa maua vizuri kabisa, zikabeba matunda madogo, halafu matunda yakaanza kuwa na doa jeusi lililobonyea kitakoni. Huo sio ugonjwa wa kuambukiza, ni mmea kushindwa kupeleka kalisiamu kwenye tunda kwa sababu leo udongo umelowa kesho umekauka, na kwenye mililita 700 za udongo hakuna namna usikauke. Nilipata nyanya nne ndogo kwa miezi mitatu. Zile zile mbegu, aina ya Tanya ambayo haikui ndefu sana, nilizipanda kwenye ndoo mbili za lita 20, mche mmoja kila ndoo, nikafunga na vijiti, nikatandaza majani makavu juu ya udongo usikauke, na ndoo mbili zilinipa kilo 3 na robo. Na hizo ni baada ya kunguru kuchukua haki yao. Hawa kunguru wa Dar hata asili yao sio hapa, waliletwa Zanzibar toka India miaka ya 1890 na sasa ndo wenye mji, nyanya ikianza tu kuwa nyekundu wameshaiona. Kwahiyo siachi iive kwenye mti, ikianza kubadilika rangi kitakoni, ile ya kijani inayoelekea pinki, naichuma na kuiweka kwenye bakuli mezani, siku nne tano imeiva na ladha ni ile ile. Kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, mwaka huu hajanipata, namshukuru Mungu, sijui kama ni kwa sababu ya urefu wa ghorofa au ni bahati tu.

Sukuma kwenye mnara ilitoa majani ya ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kwenye dumu, mashina mawili tu, majani yanafika urefu wa kisigino mpaka kidole gumba cha mguu wangu. Bamia sikuthubutu. Pilipili mbuzi niliiweka kwenye kopo la rangi la lita 10 lililooshwa vizuri, ilichelewa, karibu miezi minne, ila ikianza haiachi, na unachuma na kikonyo chake ndo haiozi mapema.

Matembele nayo yapo kwenye salfeti, lile la kilo 50 la unga, nimejaza nusu tu maana udongo uliolowa ni mzito na kibaraza sio changu. Katikati kuna mnara wa kokoto kutoka chini mpaka juu ili maji yafike kote, unaweka kopo lisilo na kitako, unajaza kokoto ndani yake na udongo pembeni, unavuta kopo juu, unajaza tena. Mtindo huu wenzetu wa Kibera, Nairobi, wanaujua sana, magunia yalisambaa kule baada ya ile fujo ya uchaguzi wa 2007 chakula kilipopanda, na shirika la Solidarités liliwasaidia watu na miche. Ubavuni unatoboa na kupachika vipande vya matembele. Vipande 12, baada ya wiki nne nachuma mboga ya kushiba watu wanne kila wiki ya pili, nazi moja na kitunguu basi.

Wadudu kwenye mnara walikua vidukari tu, kwenye mrehani na chini ya majani ya sukuma. Maji yenye majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku, na sabuni kidogo ya mche, jioni jua likishazama, mara mbili kwa wiki, wakaisha. Kaka muuzaji alitaka kuniuzia dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo, anasema "ni ya mboga hii dada, haina shida". Nilikataa na ningeomba na wewe ukatae. Dawa yoyote ya dukani lebo yake inasema unasubiri siku ngapi ndo uvune, na sisi wa kwenye vyombo tunachuma kila siku ya pili, dawa isiyo na lebo kwenye mchicha utakaomlisha mtoto jioni mie siwezi.

Hesabu. Kotmiri nilikua natumia kama 6,000 na kidogo kwa mwezi. Toka katikati ya mwezi wa nane mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na moja sikununua hata fungu moja. Mwezi wa kumi na mbili joto likaipanda kichwani, ikarefuka, ikatoa maua meupe, kotmiri haipendi joto hata uimwagilie vipi. Niliiacha ikatoa mbegu, nyuki walikuja mpaka ghorofa ya pili, nikavuna kikombe kimoja kasoro cha giligilani, na nusu yake ndo nimepanda sasa upande wenye kivuli cha nguo. Kwahiyo mnara kwa hela peke yake bado haujajirudisha, labda uhesabu nanaa, mrehani na vitunguu nilivyokua sinunui kabisa zamani. Madumu matatu ya 3,000 na ndoo mbili vilijirudisha kabla ya mwezi wa kumi. Dumu moja la mchicha linatoa kama gramu 280 kwa mkato, hilo ni fungu moja la maana, kwa familia ya watu wanne inabidi ukate mawili siku moja.

Nyota natoa 3 kati ya 5. Plastiki 5, udongo na mbegu zao 1, huduma 3. Ukiununua, nunua vyungu vitupu bila ile mifuko yao (nimeuliza, wanauza vitupu kwa 60,000), panda viungo tu, na hela iliyobaki tafuta madumu kwa ajili ya mboga ya kula. Kwa muuzaji kama atasoma, tengenezeni chungu chenye kina mara mbili ya hiki hata kama mnara utakua wa vyungu vitatu, na muweke tundu la kufungia kamba.

Mimi mwenyewe nimeshaupunguza, umebaki vyungu vitatu, haudondoki na maji yanafika. Viwili nilivyotoa nimempa yule jirani wa chini aliyemwagiwa udongo, nikampandia nanaa na vitunguu majani kutoka kwangu. Juzi aliniita nishuke, alikua ameshakata nanaa yake ya kwanza, shina zima mpaka chini, na chai ilikua jikoni.